Mega Ngapi Zinatosha Goma?

Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam anayetafuta intaneti ya nyumbani huanza na kasi, kwa sababu maswali mengine yameshajibiwa kabla hajayauliza. Waya umeshapita mtaani, umeme ukikatika unarudi, malipo ni kubonyeza simu. Mkazi wa Goma akianza na swali hilohilo hununua namba tu. Mega ishirini zilizoandikwa kwenye mkataba ni mega ishirini za saa nane za usiku, siku ambayo umeme upo, mnara una mafuta, radi haijapiga karibu, na mkongo unaokwenda Bahari ya Hindi haujakatika popote njiani. Siku kama hizo zipo, ila hakuna anayeweza kupanga kazi ya mwezi mzima juu yake.

Kwa maoni yangu, hapa Goma kasi ndilo swali jepesi, na jibu lake ni dogo kuliko wauzaji wanavyopenda tuamini. Swali zito ni la njia. Data inaingia mjini kupitia wapi, inafika kwako kwa chombo gani, chombo hicho kinakula umeme wa nani, na siku njia hiyo ikifa, ile ya akiba inakufa nayo?

Tuanze na jepesi ili tuachane nalo. YouTube wenyewe wanashauri megabiti 1.1 kwa sekunde kwa video ya 480, megabiti 2.5 kwa ya 720 na megabiti 5 kwa ya 1080. Netflix nao wanataka 5 kwa 1080, na 15 kwa anayemiliki televisheni ya 4K. Mkutano wa Zoom wenye nyuso nyingi hula megabiti mbili hadi tatu, kwenda na kurudi. Simu ya sauti ya WhatsApp haifiki hata sehemu ya kumi ya megabiti. Sasa chukua nyumba ya watu saba pale Himbi, saa mbili usiku: baba yuko kwenye mkutano wa shirika lake, binti anaangalia somo la YouTube kwa simu, mdogo wake naye ana katuni zake, na sebuleni televisheni inaonyesha mechi kwa picha safi. Jumlisha yote, hufiki megabiti kumi na mbili. Na nyumba nyingi hazina hiyo televisheni.

Kwa hiyo megabiti kumi za kweli zinatosha familia nyingi za mji huu, na ishirini za kweli ni anasa inayovumilika. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipandisha kiwango chake cha intaneti ya kasi kutoka megabiti 25 za kupakua na 3 za kupakia, kilichowekwa mwaka 2015, hadi 100 na 20 mwezi Machi 2024. Wauzaji hupenda kutaja viwango kama hivyo. Lakini hicho ni kipimo cha sera ya nchi ambayo kila chumba kina skrini yake. Hakikuwekwa kwa ajili ya anayelipia laini kwa dola alizozitafuta kwa jasho.

Neno lenye uzito katika hesabu yangu ya megabiti kumi ni "za kweli". Kampuni ikikuuzia megabiti ishirini kwa bei ya kawaida, inakuuzia laini ya kugawana: megabiti hizohizo wanapewa wateja wengine kumi, ishirini au zaidi, kwa matumaini kwamba hamtazitaka wote kwa wakati mmoja. Laini ya peke yako ipo, mashirika na ofisi huinunua, na bei yake ni ya dunia nyingine. Kugawana hakuna ubaya, ndivyo intaneti ya nyumbani inavyofanya kazi popote duniani. Ubaya ni kutouliza mnagawana wangapi. Muuzaji asiyejua jibu, au anayecheka tu, ameshakujibu.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wasomi. Kwenye vibanda vya mtaa wa Birere mega ni kiasi: unanunua forfe, yaani kifurushi, ya mega mia tano au giga kumi, unazitumia, zinaisha. Kwenye mkataba wa nyumbani mega ni mwendo: megabiti ngapi zinapita kila sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo laini ya megabiti kumi hupakua faili la giga moja kwa dakika kama kumi na nne, na anayetegemea sekunde mia moja ataanza kugombana na fundi. Geuza hesabu hiyo upate kitu cha maana zaidi: video ya 1080 inayokula megabiti tano kwa sekunde humaliza giga mbili na robo kwa saa. Filamu ya saa mbili ni giga nne na nusu. Anayenunua forfe ya giga kumi akidhani amenunua intaneti ya mwezi atakuwa amemaliza zote Jumapili moja, watoto wakiwa nyumbani.

Ndiyo maana watu hukimbilia kile kinachoitwa ilimite, yaani kisicho na kikomo. Mazungumzo yake kwenye kaunta huwa mafupi.

"Mama, hii ni ilimite. Unatumia tu."

"Ilimite mpaka wapi?"

Mama ameuliza sawasawa. Vifurushi vingi vya aina hiyo vina kizingiti kwenye maandishi madogo: ukivuka giga kadhaa, mwendo unapunguzwa hadi megabiti moja au chini yake mpaka mwezi uishe. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa kwamba hakuna kikomo. Uliza kizingiti ni giga ngapi, na baada yake mwendo unakuwa upi. Laini isiyoshuka chini ya megabiti tatu baada ya kizingiti ni bora kuliko laini ya hamsini inayokufa tarehe kumi na mbili.

Na kabla hatujaacha kasi, tutazame upande wa kupakia. Goma ni mji wa kutuma. Wafanyakazi wa mashirika wanatuma ripoti zenye picha, waandishi wa habari wanatuma video, wafanyabiashara wanapiga picha mzigo na kuurushia mteja wa Butembo au Kampala, mafundi wa studio wanapandisha nyimbo. Laini ya 4G au ya kugawana mara nyingi hutoa kupakia kidogo sana kuliko kupakua, na tangazo hutaja namba moja tu, ile kubwa. Mtu anayetuma kazi kila jioni anapaswa kuuliza namba ya pili kwanza.

Sasa njia.

Goma iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, imepakana na Gisenyi ya Rwanda kiasi kwamba mtaa mmoja unaishia kwenye mpaka. Kwa mstari mnyoofu, Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 magharibi, na Muanda, mahali ambapo mkongo wa WACS uliifikisha Kongo kwenye Atlantiki mwaka 2013, ni karibu kilomita 1,900. Mombasa haifiki 1,200. Data hufuata mantiki ileile inayofuatwa na mchele na mafuta: inapita Gisenyi na Kigali, kisha Uganda na Kenya hadi Mombasa, au Tanzania hadi Dar es Salaam. Mwezi Julai 2021 Facebook na kampuni ya Liquid zilitangaza mpango wa kulaza kilomita 2,000 za faiba kutoka katikati ya nchi hadi mpaka wa Rwanda. Lakini faiba ya kukatiza Kongo ni hadithi ndefu ya misitu, mito na vita, na anayenunua laini leo asinunue ahadi.

Kuegemea mashariki kuna faida, maana safari ni fupi. Lakini kuegemea upande mmoja wowote kuna hatari, na mwaka 2024 ilionekana waziwazi. Tarehe 14 Machi mikongo minne ya pwani ya magharibi, WACS ikiwa mojawapo, ilikatika karibu na Abidjan. Tarehe 12 Mei ikawa zamu ya mashariki: mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikatambaa kwa siku kadhaa. Mteja wa Goma ambaye kampuni yake ilikuwa na njia zote mbili alihisi uzito kidogo tu. Mwenye njia moja alikaa akizima na kuwasha ruta, akiamini kosa liko sebuleni kwake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtoa huduma wa Goma ni hili: mnatoka mjini kwa njia ngapi, na zinapita wapi? Lina mkia wake: je, mmeunganishwa na GOMIX? Hicho ni kituo cha kubadilishana data cha Goma, ndugu wa KINIX ya Kinshasa na LUBIX ya Lubumbashi. Kampuni mbili zisipokutana hapahapa, barua pepe kutoka Katindo kwenda Majengo inaweza kuzunguka hadi Ulaya na kurudi. Kampuni zilizounganishwa hupitisha data ya ndani ndani, na huweza kufaidi akiba za video zilizowekwa karibu. Mteja hataona nembo ya GOMIX popote, ila ataona YouTube ikifunguka haraka hata siku ambayo barua pepe zinasuasua.

Kutoka lango la mji hadi nyumbani kuna vyombo vinne, na kila kimoja kina kifo chake.

Kinachojulikana zaidi ni 4G ya Vodacom, Airtel au Orange, kwa simu au kwa ruta yenye laini ndani. Hakihitaji fundi, unakinunua leo na leo unafanya kazi. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba laini tatu za kampuni tatu ni njia tatu. Minara mingi ya Kongo ni mali ya Helios Towers, kampuni inayokodisha nafasi kwa zaidi ya mtandao mmoja. Nembo ziko tatu, mnara mmoja, jenereta moja, tanki moja la mafuta. Barabara ikifungwa na mafuta yasipofika, laini zako zote zinanyamaza dakika ileile. Kabla ya kununua laini ya pili kama akiba, subiri siku ya kwanza ya kupotea mtandao, utazame simu ya jirani mwenye kampuni nyingine. Kama naye amepotelewa, fedha zako zina kazi nyingine.

Halafu kuna jambo ambalo kila mtu wa Birere na Les Volcans analijua, na matangazo hayalitaji: mawimbi hayaonyeshi pasipoti. Laini ya MTN Rwanda au Airtel Rwanda inashika vizuri karibu na mpaka na ufukweni Himbi, na inadhoofika kadiri unavyopanda kuelekea Ndosho na Mugunga. Kama akiba ni nzuri kuliko laini ya pili ya Kongo, kwa sababu mnara uko upande mwingine, umeme wake ni mwingine, na maamuzi ya serikali yake ni mengine. Kinshasa ilipozima intaneti baada ya uchaguzi, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 kwa karibu wiki tatu, mwenye laini ya ng'ambo aliendelea kuzungumza na dunia. Lakini usijenge nyumba nzima juu yake. Kuisajili kunataka kitambulisho na kuvuka mpaka, kuongeza salio ni shughuli, na Airtel ya Rwanda si Airtel ya Kongo hata kama rangi ni moja.

Chombo cha pili ni antena ya redio juu ya paa, inayotazama mlingoti wa mtoa huduma wa mjini. Ofisi nyingi zimeishi hivyo kwa miaka. Ubora wake unategemea kuonana: paa lako lazima lione mlingoti bila mparachichi wala ghorofa mpya katikati. Ghorofa mpya Goma huota kama uyoga, basi uliza fundi kitakachotokea jirani akipandisha jengo.

Faiba ni ya tatu, na kwa ubora wa data haina mpinzani. Tatizo lake hapa ni ardhi. Mji umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Ile ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na juu yake watu wamejenga upya. Kuchimba mtaro kwenye mwamba huo ni kazi ya nyundo na chuma, mita kwa mita, na gharama yake inatosha kuamua mtaa upi unafikiwa na upi unarukwa. Waya ukipita juu ya nguzo unaepuka mwamba, lakini unakutana na malori, matawi na moto. Faiba ikiwa imefika mlangoni kwako, ichukue. Ikiwa "inakuja mwezi ujao", chukua kitu kingine mwezi huu.

Cha nne ni setilaiti, na hapa mambo yamebadilika sana. Sahani za zamani za VSAT zilizungumza na setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali na jibu vilitumia milisekunde kama 600, na simu ya video ikawa ya watu wanaokatizana maneno. Setilaiti za Starlink ziko kilomita 550 hivi, na jibu hurudi kwa makumi ya milisekunde. Rwanda iliipokea mwezi Februari 2023. Kinshasa ilikataa: mwezi Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilionya kwamba anayeitumia bila kibali ataadhibiwa, kisha mwanzoni mwa Mei 2025 ikaipa leseni. Kwa anayeishi Goma, faida kubwa ya sahani hii si kasi. Ni kwamba haipiti Gisenyi kwa waya, haitegemei mnara wa mjini, wala haijui barabara imefungwa. Inaanguka kwa sababu zake yenyewe: mvua kubwa, mti unaoziba anga, malipo, na njaa ya umeme.

Njaa hiyo ya umeme ndiyo inayopindua hesabu ya watu wengi, basi tuitazame kwa karibu. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, usiitoe zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600. Ruta ya 4G hula kama wati 10, na kinadharia betri hiyo inaibeba saa 60. Sahani ya kawaida ya Starlink hula kati ya wati 75 na 100: saa sita hadi nane. Ile ndogo, Mini, hula 25 hadi 40: saa kumi na tano hadi ishirini na nne. Geuza adapta ya ruta yako usome maandishi ya chini. Yakisema volti 12 na ampea moja, haitazidi wati 12, na kuna vibetri vidogo vya kuchomeka katikati ya adapta na ruta ambavyo vitaibeba jioni nzima bila inveta. Kwa bei ya kuongeza kasi kutoka kumi hadi ishirini kwa miezi michache unaweza kununua kibetri hicho, na kitakupa saa nyingi zaidi za intaneti kuliko megabiti zozote.

Umeme wenyewe wa Goma una wazazi kadhaa. SNEL, shirika la umeme la serikali, huvuta kutoka mabwawa ya Ruzizi, kusini mwa ziwa. Virunga Energies, ya hifadhi ya Virunga, huleta wake kutoka Rutshuru, ambako kituo cha Matebe chenye megawati 13 na ushei kilizinduliwa Desemba 2015. Kampuni ya Nuru ilijenga Ndosho mtambo wa jua wa megawati 1.3 mwaka 2020. Kama una bahati ya mtaa wenye zaidi ya mmoja, jua mtoa huduma wako wa intaneti anakula wa nani. Nyumba yenye umeme wa Virunga na mlingoti wenye umeme wa SNEL ina nafasi mbili za kukatika, na hata moja ikitokea unapoteza yote. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme, maji na intaneti vilipotea karibu kwa pamoja. Waliobaki hewani siku zile walikuwa na betri, na njia isiyopita kwenye minara ya mji.

Radi nayo haiwezi kuachwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia miaka 16 ya data za setilaiti, ulipanga sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela ni la kwanza. Kabare, Kivu Kusini, ni ya pili kwa mimweko 205 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Sake, mwendo mfupi kutoka hapa, ni ya tano kwa 143. Butembo ni ya tisa. Katika eneo kama hili, antena ya chuma juu ya paa yenye waya wa shaba unaoshuka hadi sebuleni ni mwaliko, na fundi anayeifunga bila waya wa ardhi amekukosea. Ila kuweka waya wa ardhi juu ya lava ni kazi: nondo haiingii, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo watu hutafuta mahali penye udongo au huujaza wenyewe. Faiba, kwa kuwa ni kioo, haileti radi ndani. Ukisikia ngurumo, chomoa. Ushauri wa bibi huo, na bado hakuna kifaa cha dukani kilichoushinda.

Sasa fedha. Mikataba ya intaneti hapa huandikwa kwa dola, na kila mtu anajua noti yenye mpasuko wa milimita mbili inarudishwa mkononi mwako. Tangu mabenki yafunge milango Januari 2025, namna ya kulipa imekuwa sifa ya huduma kama kasi ilivyo. Huduma inayolipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ina thamani kubwa kuliko ileile inayotaka kadi ya benki, na anayelipiwa na ndugu wa Bruxelles au Kampala ajue kwamba siku ndugu akisahau, sahani inakuwa sinia. Gawanya bei ya mwezi kwa saa za kazi unazozipata kweli. Laini ya bei nafuu inayokuacha kila jioni kuanzia saa moja hadi saa nne, wakati unapoihitaji, inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Saa hizohizo ndizo za kupimia. Kupima saa nne asubuhi mbele ya muuzaji hakukuambii lolote. Nenda kwa jirani anayetumia huduma hiyo, saa mbili usiku, siku mbili tofauti. Programu ya Speedtest huchagua yenyewe seva iliyo karibu, ambayo yaweza kuwa ndani ya mtandao wa kampuni hiyohiyo, na matokeo yake yanapendeza kwa sababu data haijatoka mjini. Badilisha seva kwa mkono: chagua Nairobi, kisha Paris au London. Tofauti ya namba hizo inakuonyesha upana wa lango la kampuni. Soma pia milisekunde, maana mkutano wa video huuawa na ucheleweshaji unaopanda na kushuka kabla haujauawa na kasi ndogo. Na simama karibu na ruta unapopima. Nyumba ya mawe ya lava hula mawimbi, hasa ya masafa ya gigahezi 5, na fundi amelaumiwa mara nyingi kwa kosa la ukuta. Nyumba ya mbao haina shida hiyo. Shida yake ni jirani kupata mtandao wako vizuri kuliko wewe.

Na jirani anaweza kuwa jibu. Katika parsele, yaani kiwanja kimoja, yenye nyumba tatu nne, laini moja nzuri inayochangiwa kwa mtindo wa likelemba, yaani mchango wa zamu, inaweza kushinda ruta nne za 4G zinazokula forfe kila moja na zake. Familia nne kwenye megabiti ishirini za kweli haziteseki kama kuna mtu wa kuweka ukomo kwa kila nyumba, na ruta nyingi za kawaida zinaweza. Soma mkataba kwanza, maana mingi inakataza kuuza tena. Tena amueni mapema nani analipa mwezi ambao mmoja amesafiri. Likelemba za fedha huvunjika kwa sababu hiyohiyo.

Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, UNIGOM au ULPGL, anayeishi peke yake, ningesema asiingie mkataba wowote. Ruta ya 4G, kibetri chake, forfe ya usiku kwa kupakua vitabu, basi. Anayefanya kazi ya shirika kutoka nyumbani ningemshauri megabiti kumi za redio au faiba, ruta ya 4G pembeni, na kama anaishi karibu na mpaka, laini ya Rwanda mfukoni. Fedha za megabiti arobaini alizotaka kuongeza aziweke kwenye betri. Starlink ningeiweka kwa mwenye ofisi, kwa parsele inayochanga, au kwa anayeishi kule juu ambako hakuna mwingine anayefika, akiwa na paneli za jua zake.

Kabla ya kutia sahihi, kuna swali ambalo muuzaji wa Dar asingelielewa: je, huduma hii inahama? Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 serikali ya mkoa ikaamuru sehemu ya mji ihame. Mamia ya maelfu waliondoka kwenda Sake, Gisenyi, Bukavu na kwingineko. Ruta ya 4G iliingia kwenye mfuko pamoja na nguo za watoto na ikafanya kazi mahali pengine penye mnara. Faiba na antena zilibaki ukutani, na tarehe ya malipo haikusubiri. Sahani ya Starlink inabebeka, ila kifurushi cha nyumbani hufungwa na anwani iliyoandikishwa, na kukihamisha kuna masharti. Kwa hiyo hakikisha mkataba unaandika mambo matatu kwa maneno yanayosomeka: unaweza kusimamisha malipo ukiwa umehama kwa dharura, bila kupoteza amana; antena na ruta ni mali yako au ya kampuni, na lava ikivila analipa nani; na siku ngapi za kukosa huduma zinakatwa kwenye ankara. Kampuni ikikataa kuandika la tatu, lipa mwezi kwa mwezi, hata ikikupa punguzo la mwaka mzima.